Teleki wa Mlima Kenya sio Teleki wa maktaba

Swali: "Habari yako mwalimu. Mimi naongoza wageni Mlima Kenya, njia ya Naro Moru, na kila safari tunapita Bonde la Teleki. Mwezi uliopita mgeni mmoja kutoka Ulaya akaniambia huyo Teleki alikua tajiri wa Romania, na mali aliyobeba huku Afrika ndo alifungulia maktaba kubwa ya umma huko kwao, na mpaka leo iko wazi. Ni kweli? Nauliza kwa sababu mbili. Moja, inaniuma kama ni mali yetu ilijenga hiyo maktaba. Pili, marehemu baba alikua mwalimu, ametuachia vitabu kama 1,200, ndugu zangu wanataka tugawane ama tuuze kwa kilo, mimi nataka viwe maktaba ya kijiji. Huyo mtu alifanyaje mpaka maktaba yake ikakaa miaka mia mbili? Mimi sina pesa za tajiri."

Pole sana ndugu yangu kwa kumpoteza mzee. Swali lako nimelisoma mara tatu manake ndani yake kuna mambo mawili yamefungwa kamba moja, kuna hiyo habari ya mgeni wako ambayo nusu ni kweli na nusu imechanganywa, na kuna vitabu vya baba ambavyo viko hapo nyumbani saa hii na ndugu wanavitolea macho. Wacha nianze na historia, afu nirudi nyumbani kwenu.

Hao Teleki ni wawili. Jina moja, ukoo mmoja, Sámuel Teleki na Sámuel Teleki, ndo maana hata watu wa huko huwachanganya. Wa kwanza, mwenye maktaba, alizaliwa 1739 Gernyeszeg, kijiji ambacho leo kinaitwa Gornești, karibu na mji wa Târgu Mureș, Romania ya leo, akafia Vienna mwaka 1822. Wa pili, huyo wa bonde lenu, alizaliwa 1845, yani miaka 23 baada ya mwenye maktaba kufariki. Huyu wa pili ndo alitoka Pangani 1887 na msafara wa mamia ya wapagazi, akiwa na Ludwig von Höhnel afisa wa jeshi la maji la Austria, na njia wakionyeshwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani ambaye hizo barabara za bara alizijua kabla yao. Wakapita Kilimanjaro, akapanda Mlima Kenya mwaka huohuo bila kufika kileleni, na Machi 1888 wakafika lile ziwa kubwa la kaskazini wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wao, kana kwamba Waturkana na wengine walioishi pale hawakua na jina lao. Kenya ililibadilisha kuwa Ziwa Turkana 1975. Na ile lobelia yenye manyoya marefu kama mkia wa mnyama unayowaonyesha wageni kila safari, wataalamu wa mimea wanaiita Lobelia telekii, jina ni la huyuhuyu wa pili.

Kwa hiyo mali ya Afrika haikujenga ile maktaba. Maktaba ilifunguliwa 1802 huko Târgu Mureș, na mwenyewe alipokufa 1822 ilikua tayari na vitabu kama 40,000, vilivyonunuliwa Ulaya. Lakini sitaki ufikiri nakuambia uchungu wako ni wa bure. Msafara wa yule wa pili uliua ndovu na vifaru wengi sana, na ulipigana na Wakikuyu njiani, hayo yameandikwa na wao wenyewe. Hasira yako iko na mahali pake, ila mlango wa kuibishia sio huo wa maktaba.

Na kama tunauliza pesa za maktaba zilitoka wapi, tuulize mpaka mwisho. Zilitoka kwa mshahara wa cheo kikubwa na kwa mashamba ya ukoo wa kikabaila, na mashamba ya makabaila wa Transylvania, yani lile eneo la Târgu Mureș, wakati huo yalilimwa na watwana, wakulima waliofungwa kwa bwana wao na kumlimia siku kadhaa za wiki bila malipo. Utwana huko uliondolewa 1848. Mimi naipenda hiyo maktaba, nimeisoma miaka mingi, na bado naona ni haki hilo litajwe kila inapotajwa, kwa sababu hao wakulima nao ni waanzilishi wake ingawa majina yao hayako ukutani.

Kosa lingine dogo la mgeni wako ni kusema "tajiri wa Romania". Mwaka 1802 nchi inayoitwa Romania haikuwepo. Transylvania ilikua chini ya watawala wa Vienna, na Teleki alikua kabaila Mhungari aliyefanya kazi kwa hao watawala. Ni kama kumwita mtu wa Mombasa wa 1850 Mkenya, unaelewa anamaanisha nini lakini mwenyewe asingeitika. Transylvania iliingia Romania baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ule mji ukarudi Hungaria 1940 mpaka 1944, afu ukawa wa Romania tena. Ndo maana una majina mawili, Waromania wanauita Târgu Mureș na Wahungari wanauita Marosvásárhely, na maktaba yenyewe Wahungari wanaiita Teleki Téka. Leo hii ni sehemu ya maktaba ya umma ya mkoa wa Mureș, wewe ungesema maktaba ya kaunti.

Sasa nikuambie huyo mtu alifanyaje, manake hapo ndo swali lako lilipo.

Alianza akiwa kijana. Mwaka 1759 alitumwa kusoma nje, akazunguka miaka minne, Basel kule Uswisi, Utrecht na Leiden kule Uholanzi, afu Paris. Huko aliona vyuo vyenye vitabu ambavyo kwao havikuwepo. Kwao kulikua na chuo cha Kanisa la Reformed, yani Waprotestanti, wanafunzi wapo, walimu wapo, vitabu ni vya kutafuta. Akaanza kununua hukohuko kidogo kidogo. Aliporudi akapanda vyeo mpaka 1791 akawa kansela wa Transylvania, kazi iliyomweka Vienna hadi kifo chake, na Vienna ilikua mahali pazuri pa kununua vitabu, kuna maduka, kuna minada, kuna barua za kuagiza kutoka miji mingine. Aliokota bila ubaguzi mwingi: waandishi wa Kilatini na Kigiriki wa zamani, sayansi, sheria, dini, ile ensaiklopidia kubwa ya Wafaransa ya Diderot na d'Alembert. Yeye mwenyewe alikua msomi, 1784 alitoa chapa kamili ya kazi za mshairi Janus Pannonius kule Utrecht.

Lakini angalia jambo moja ambalo wengi wanalipita. Angekua na akili ya kujionyesha tu, vitabu angeviweka Vienna alikokaa yeye na wakubwa wenzake. Yeye akajenga Târgu Mureș, zaidi ya kilomita 600 kutoka mezani pake, mahali ambapo yeye mwenyewe angeviona mara chache. Jengo lilijengwa kuanzia 1799 hadi 1802, likaungwa kwenye nyumba iliyokuwepo. Ukumbi ni mmoja mrefu, umepanda ghorofa mbili, baraza ya juu inazunguka na makabati yamepangwa chini na juu, na milango ya makabati sio ya kioo wala mbao tupu, ni wavu wa waya. Mimi huo wavu naupenda kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Wavu unazuia mkono wa mwizi lakini unapitisha hewa, na kitabu kikipata hewa hakioti ukungu, na mgeni akisimama mbele ya kabati anaona migongo ya vitabu, anajua kuna nini, anaweza kuomba. Kabati la mbao lililofungwa kwa kufuli lingewaficha watu hivyo vitabu na kuviozesha polepole.

Na mke wake asisahaulike, manake mgeni wako sidhani alimtaja. Zsuzsanna Bethlen alikua na maktaba yake mwenyewe, vitabu vingi vya Kihungari, wakati mume alikazania Kilatini na lugha kubwa za Ulaya. Alifariki 1797, kabla hata jengo halijaanza, na vitabu vyake vikaingizwa kwenye hiyo maktaba na kuwekwa kama mkusanyiko wake peke yake, havikumezwa. Kwa maoni yangu kwa msomaji wa kawaida wa mji ule, ambaye Kilatini kilimpiga chenga, vya mama vilikua na faida ya haraka kuliko vya mzee.

Sasa kwa nini imekaa miaka zaidi ya 220 wakati maktaba za matajiri wengine ziliuzwa vipande vipande mara tu mwenyewe alipozikwa?

Jambo la kwanza ni orodha. Teleki alichapisha katalogi ya vitabu vyake, juzuu nne, Vienna, kati ya 1796 na 1819. Hebu hesabu hiyo miaka vizuri. Juzuu ya kwanza ilitoka 1796, mlango wa maktaba ulifunguliwa 1802. Orodha ilitangulia jengo! Na ikichapishwa inakua mikononi mwa watu wengine, mtu wa Leipzig ama Göttingen kule Ujerumani anaweza kujua Teleki ana nini, kwa hiyo kitabu kikipotea pengo linaonekana. Kitabu ambacho hakijaandikwa popote kikipotea hakuna anayejua kimepotea.

La pili ni umiliki. Vitabu aliviweka viwe mali ya ukoo isiyogawanyika, mrithi anatunza lakini hawezi kuuza wala kumega. Watu wa Pwani hapa hawahitaji maelezo, wataniambia huo ni wakfu, na kweli hata kama sheria ni tofauti wazo limekaribiana sana: mali imefungwa isirithiwe kwa kugawanywa, na faida yake inawaendea watu. Ndo maana baada ya 1822 hakuna mtoto aliyekuja na gari la farasi kuchukua fungu lake.

La tatu ni kwamba ilikua na wenyewe wa kila siku, yani chuo. Mji uleule, kwenye chuo cha Reformed, alifundisha Farkas Bolyai kuanzia 1804, na mwanawe János Bolyai ndo yule aliyeonyesha kwamba unaweza kujenga jiometri nzima bila ile kanuni ya Euclid ya mistari sambamba, jambo lililowasumbua wanahesabu miaka elfu mbili. Kazi yake ilitoka 1832 kama kiambatisho tu nyuma ya kitabu cha baba yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikomunisti ilitaifisha shule za makanisa, 1948, na vitabu vya kile chuo vikahamishiwa kwenye jengo la Teleki miaka ya 1950, baadaye mikusanyiko ikaunganishwa ikaitwa Teleki-Bolyai, na 1974 ikawekwa chini ya maktaba ya mkoa. Maelfu ya kurasa alizoandika János Bolyai kwa mkono yako mle. Jumla ya vitabu leo ni zaidi ya 200,000.

Sasa nisikudanganye kwa neno "umma". Umma wa 1802 ulikua ni wale wanaojua kusoma, tena wengi wao Kilatini, sio kila mkulima. Na hata leo sio maktaba ya kuazima, vitabu havitoki nje ya mlango, unaomba mapema, unaletewa, unasoma hapohapo. Ukumbi wa zamani unatembelewa kama makumbusho. Maktaba ya mkoa ya kuazima vitabu vya kawaida iko kwingine mjini, kwenye Jumba la Utamaduni lililomalizika 1913.

Turudi nyumbani. Vitabu 1,200 sio vichache, usijidharau, na kati ya hayo mambo matatu hakuna hata moja linalohitaji uwe kansela. Pesa zake zilinunua vitabu na jengo. Vitabu wewe unavyo tayari, na jengo ndo kitu cha mwisho kabisa kukisumbukia.

Anza na orodha, wiki hii, kabla ya kikao kingine chochote na ndugu. Daftari la mistari linatosha, ama simu: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, hali yake, na kama mzee aliandika kitu ndani. Hilo la mwisho usiliruke. Watu wakiona kwenye orodha "maandishi ya baba ukurasa wa kwanza, 1974" mara nyingi ile hamu ya kuuza kwa kilo inapungua yenyewe, nimeona hivyo kwenye familia zaidi ya moja. Na utagundua pia kwamba sio vyote vya kubaki, kutakua na vitabu vya silabasi iliyokufa zamani, nakala sita za kitu kimoja, vilivyoliwa na mchwa. Hivyo waachie ndugu wauze, itakua umewapa kitu na wao. Ukibaki na 500 vizuri una maktaba, ukibaki na 1,200 vilivyorundikwa una stoo.

Kuhusu umiliki hapa nakuomba utulie. Vitabu ni sehemu ya mali ya marehemu, na kama mirathi haijapita mahakamani, kuuza ama kugawa kitu chochote, hata kwa nia nzuri, kunaweza kukuletea kesi na ndugu zako mwenyewe. Hili sio la kumaliza kwa kusoma jibu langu, nenda ukamwone wakili uso kwa uso, ama mzee anayeaminika pamoja na chifu kama hatua ya kwanza, mkubaliane kwa maandishi kwamba vitabu vilivyobaki havigawanywi, na nani atavishika, na wewe ukifa ama ukihama vinaenda kwa nani. Hilo swali la mwisho watu wanaliogopa, na ndilo Teleki alilijibu akiwa hai.

Nani avishike? Ukiwa navyo nyumbani, una uhuru, lakini wewe uko mlimani nusu ya mwezi, nani anafungua mlango? Ukivipeleka shule ama kanisani, kuna watu na kuna chumba, lakini viongozi wanabadilika. Miaka ya nyuma nilisaidia familia moja kupeleka vitabu vya mzee wao kwenye shule ambayo sitaitaja, tulipiga picha, tukala pilau, miaka mitatu baadaye nikapita pale nikakuta masanduku yaleyale hayajafunguliwa yako sakafuni, nikainua kitabu cha juu kikaja na udongo wa mchwa umeshikana na jalada, kurasa za ndani zimekua kama sifongo. Hakukua na mtu mbaya pale. Hakukua tu na mtu aliyeambiwa hii ni kazi yako. Kwa hiyo popote utakapovipeleka, usikabidhi taasisi, kabidhi mtu mwenye jina, na orodha abaki na nakala na wewe ubaki na nakala, na mwandike kwamba visipotumika vinarudi kwenu. Maktaba ya kaunti nayo ni chaguo, wana wakutubi waliosomea hiyo kazi, ila waulize kwanza kama watavikubali, manake wengi wanapokea vinavyofaa tu na vingine wanakataa, na ni haki yao.

Mimi ningekua wewe ningeanza na shule ya msingi aliyofundisha mzee, rafu moja tu, vitabu 100, mwalimu mmoja, muhula mmoja. Ukiona wameheshimu ongeza.

Kitu cha afya kidogo. Ukifungua masanduku ukakuta madoa ya ukungu na harufu nzito, vitoe nje kivulini penye upepo, vaa barakoa, usivifute kwa kitambaa cha maji, na kama kuna mtu mwenye pumu nyumbani asikae karibu. Vikiwa vingi namna hiyo mwite mkutubi aje aone kwa macho kabla hujavichanganya na vizima, ukungu unahama.

Na kwa mgeni ajaye mkiwa kwenye lile bonde jioni mnasubiri chai, sasa unaweza kumsimulia sawasawa, mmoja alikuja na bunduki na mwingine alikaa Vienna akinunua vitabu vya mji wa mbali, na kwamba mke wake alikua na vyake. Ukimaliza kuorodhesha sanduku la kwanza niandikie, nitumie hiyo orodha kama ilivyo hata kama mwandiko ni mbaya, nitaipitia na wewe mstari kwa mstari.